Ombaomba: Tumewafukuza Mara Ngapi?

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya watu ambao kila mmoja wetu anawafahamu kwa sura, lakini ni wachache sana kati yetu wanaowafahamu kwa majina. Ni wale wanaokaa kwenye ngazi za misikiti siku ya Ijumaa na milangoni mwa makanisa siku ya Jumapili. Ni wale wanaopita kati ya magari taa nyekundu inapowaka, mzee asiyeona ameshika ncha moja ya fimbo na mtoto ameshika ncha ya pili. Tunawaita ombaomba. Jina lenyewe limekaa kidhihaka, kama tunavyosema tangatanga juu ya mtu asiye na safari maalumu.

Kila baada ya miaka kadhaa, wakubwa wa mji huchoshwa nao. Hutolewa amri kwamba hadi siku fulani wote wawe wamerudi makwao. Magari hupita, watu hukamatwa, na kwa wiki chache barabara huonekana safi. Haipiti miezi mingi, mzee na mtoto na fimbo yao wamerudi pale pale. Hapa Dar es Salaam amri ya namna hiyo ilitangazwa mwezi Aprili 2016. Wapo walioshangilia na wapo waliolaani. Lakini ni wachache waliokumbuka kuuliza: hii ni amri ya ngapi? Nani aliitoa ya kwanza, na alikuwa akitafuta nini?

Ndugu wasikilizaji, swali hilo ndilo nataka tulifuate leo. Nimeona kuwa katika historia kuna maswali mawili ambayo jamii inaweza kumwuliza mtu aliyenyoosha mkono. La kwanza ni: umekosa nini? La pili ni: unafanya nini hapa? Maswali haya yanafanana kwa mbali, lakini yanafika mahali tofauti kabisa.

Tuanze na wale wanaotajwa zaidi kila habari hii inapozungumzwa, yaani ndugu zetu Wagogo wa Dodoma. Watani wao hawaishi kuwatania kwa jambo hili, na utani ni ruhusa. Lakini ni vizuri aliye mtani ajue pia asili ya anachokicheka.

Ugogo ni nchi kavu. Mvua zake huja msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mahali pengi hazizidi milimita 600 kwa mwaka. Tena huja bila ahadi. Huweza kunyesha wiki mbili, mkulima akapanda mtama na uwele, kisha mbingu ikafunga. Mtu anayeishi katika nchi ya namna hiyo hawezi kutegemea ghala peke yake. Wazee wa Ugogo walikuwa na akiba ya namna mbili. Ya kwanza ni mifugo, ambayo hawakuiweka yote zizi moja. Waliigawa kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili ukame ukipiga upande huu, ng'ombe walio upande ule wapone. Ya pili ni watu wenyewe: ndugu wa ukoo, wakwe, na watani.

Njaa ilipoingia, mtu alichukua mfuko wake akaenda kuhemea. Neno hili bado lipo katika Kiswahili, ingawa wengi wa mjini siku hizi wanalitumia kwa maana ya kwenda kununua mahitaji sokoni. Kuhemea ni kutoka kwako ambako chakula kimekwisha, kwenda kwa aliyevuna. Mhemeaji aliweza kwenda na mbuzi, au chumvi, au nguvu zake za kulima. Aliweza pia kwenda na mikono mitupu, kwa kuwa wote wawili, anayetoa na anayepokea, walijua kuwa mwaka ujao huenda wakabadilishana nafasi. Hakuna aliyemwita mhemeaji mvivu. Swali lililokuwa likimpokea lilikuwa ni lile la kwanza: umekosa nini? Na jibu lake lilikuwa linaonekana angani.

Mpango huo ulivunjwa na vita isiyokuwa ya Wagogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Dodoma, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo wanaiita Mtunya, maana yake ni kunyang'anyana. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Tazameni jina hilo. Njaa nyingine zilikuwa zimepita Ugogo kabla ya hapo, na watu walikwenda kuhemea wakarudi. Hii ya safari hii ilipewa jina la kunyang'anyana kwa sababu akiba zote mbili zilikuwa zimekwisha kwa pamoja. Ng'ombe waliliwa na majeshi, na jirani wa kuhemewa naye hakuwa na kitu. Lakini reli ya kati ilikuwa imekwisha kupita Dodoma tangu kabla ya vita. Si vigumu kuona jinsi ambavyo mtu aliyezoea kuhemea kwa mguu hadi kijiji cha pili, baadaye alitazama njia ya treni na kujua kwamba mwisho wake ipo bahari, na kandokando ya bahari upo mji wenye maduka.

Mji huo nao ulikuwa na mila yake juu ya mwombaji. Watu wa pwani ni Waislamu kwa muda mrefu, na katika Uislamu kutoa hakukuachwa kuwa hiari tupu. Zaka ni nguzo ya dini, na maskini ana fungu lake ndani yake. Sadaka huja juu ya hapo. Sura ya Dhuha inakataza kumkaripia aombaye. Ndiyo maana katika miji yetu ya pwani Ijumaa ikawa siku ya maskini. Kwa miaka mingi wenye maduka, Waarabu, Wahindi na Waswahili, waliweka sarafu tayari tangu asubuhi, na maskini wakapita duka kwa duka. Kila mmoja alipata kidogo, hakuna aliyeulizwa cheti, na mwenye duka aliomba dua aendelee na biashara yake. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, maana sarafu haimwondoi mtu katika umaskini. Lakini mwombaji alikuwa na nafasi yake inayojulikana. Alikuwa ni sehemu ya mji.

Basi lile swali la pili, la unafanya nini hapa, lilitoka wapi? Ili kulijibu hatuna budi kuvuka bahari hadi Uingereza, maana sheria zilizowafukuza maskini wetu zilizaliwa huko.

Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza, na katika muda mfupi iliua sehemu kubwa ya watu, labda theluthi au zaidi. Mashamba ya mabwana yakakosa wafanyakazi. Waliobaki hai wakagundua kuwa nguvu zao zina thamani, wakadai ujira mkubwa zaidi, au wakahama kumtafuta bwana anayelipa vizuri. Mwaka 1349 Mfalme Edward wa Tatu akatoa amri. Ujira urudi kama ulivyokuwa kabla ya tauni. Mwenye nguvu asiye na shughuli akubali kazi anayopewa. Na tena, mtu yeyote asimpe sadaka mwombaji mwenye uwezo wa kufanya kazi, atakayempa atafungwa. Nawaomba mwangalie sana hapo. Sheria hiyo iliwafikiria mabwana wa mashamba waliotaka vibarua wa bei nafuu. Mwombaji alikatazwa kuomba ili njaa imlazimishe kupokea ujira mdogo.

Karne nyingi zilipita, na mtindo ukabaki ule ule. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, askari wengi waliachishwa jeshi wakarudi nyumbani bila kazi, wakawa wanalala nje na kuomba. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Uzururaji, ikafanya kuomba hadharani na kulala nje kuwa makosa. Ndani yake yamo maneno juu ya mtu asiye na njia inayoonekana ya kujipatia riziki na asiyeweza kujieleza vizuri. Maneno hayo yalisafiri na bendera. Yaliingia katika sheria za makoloni mengi, na yakaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, yenye asili ya mwaka 1930. Kifungu cha 176 cha kanuni hiyo kilimhesabu anayekaa mahali pa wazi akiomba kuwa mvivu na mkorofi, na cha 177 kikarudia karibu neno kwa neno habari ya yule asiye na riziki inayoonekana.

Kabla ya hapo, mwaka 1923, ilikuwepo tayari sheria ya kuwadhibiti mafukara, iliyompa hakimu uwezo wa kumwamuru mtu wa namna hiyo arudi alikotoka. Yaani miaka mitatu tu baada ya Mtunya kwisha, serikali mpya iliyoshiriki kuchukua ng'ombe na nafaka ilikuwa na karatasi ya kumrudisha mwenye njaa nyumbani kwenye njaa.

Kubwa zaidi ilikuja mwaka 1944, sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa. Jina lake halikuficha kitu. Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea. Wajapani walikuwa wameziteka nchi za Asia zilizotoa katani, kwa hiyo mkonge wa Tanganyika ulihitajiwa kuliko wakati wowote, na mashamba yalilia kukosa watu. Mwafrika aliyeonekana Dar es Salaam bila mwajiri alihesabika kuwa amepotea njia ya kwenda shambani. Wakati ule ndipo neno wahuni liliposhika maana tunayoijua leo. Katika Kiswahili cha zamani mhuni aliweza kuwa kijana kapera tu, asiye na mke wala nyumba. Katika midomo ya maofisa akawa ni kila mtu asiye na mwajiri: mwizi, mwombaji, mchuuzi wa karanga, na kijana aliyefika jana kutoka Rufiji kumtafuta mjomba wake.

Waliwakamata na kuwapakia katika treni kuwarudisha mikoani. Je, ilisaidia? Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta watu wapatao 69,000 Dar es Salaam. Ile ya mwaka 1957 ilikuta zaidi ya 128,000. Mji ulikua karibu mara mbili katika miaka tisa, huku kamatakamata ikiendelea.

Ndugu wasikilizaji, mtu angetegemea kuwa baada ya Uhuru wa mwaka 1961 jambo hili lingekwisha. Halikwisha. Hapa nazungumza kwa uangalifu, kwa sababu viongozi wetu wa wakati ule hawakuwa na nia ya kupata vibarua wa bei nafuu. Walitaka kujenga nchi ambayo kila mtu anakula jasho lake, na hakuna anayeishi kwa jasho la mwenzake. Walitukumbusha mithali ya wazee, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shabaha ilikuwa njema. Lakini walirithi sheria, na walirithi pamoja nayo lile swali.

Mwaka 1976 ilifanyika kampeni iliyojulikana kama Kila Mtu Afanye Kazi. Wasio na ajira walikamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Kijiji kimojawapo cha kupokea watu wa mjini kilikuwa Gezaulole, upande wa Kigamboni. Jina lake ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone. Wengi walijaribu, wakaona, wakarudi mjini. Mwaka 1983 Bunge likapitisha Sheria ya Nguvukazi. Nchi ilikuwa taabani wakati huo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuacha deni, mafuta yalikuwa ghali, na maduka hayakuwa na sukari wala sabuni. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka: polisi na mgambo wanasimama njiani wakidai vitambulisho vya kazi, na asiye nacho anapandishwa garini. Ombaomba na wazururaji walitiwa kapu moja na wauza maji na mafundi viatu wa chini ya miti.

Nchi ile ile ilikuwa na kauli nyingine iliyo bora zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililolaani unyonyaji, lilitaja wazi ni nani wanaoweza kuwategemea wenzao bila kuitwa wanyonyaji. Ni walio wadogo mno, waliozeeka wakaishiwa nguvu, wenye vilema, na tena mtu ambaye Dola yenyewe kwa wakati huo imeshindwa kumpatia kazi. Ukimchukua ombaomba yeyote wa barabarani ukampitisha katika maneno hayo, ni nadra sana hatapata mlango wa kuingilia. Lakini katika mikutano ya hadhara lililosikika zaidi lilikuwa ni lile fupi: asiyefanya kazi na asile. Maneno hayo yana asili yake katika waraka wa pili wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike. Anayekisoma kitabu chenyewe atakuta kuwa Paulo alimsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Kutaka ndilo neno tuliloliangusha njiani, na lilipoanguka, kipofu na mvivu wakawa kitu kimoja.

Na tazameni jambo jingine. Mwaka mmoja kabla ya Nguvukazi, yaani 1982, Bunge lilipitisha sheria mbili kwa ajili ya walemavu, moja ya matunzo yao na nyingine ya ajira. Ile ya ajira ilisema kuwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi ahakikishe wawili katika kila 100 ni walemavu. Sheria ya 1983 ilipata magari, askari na matangazo. Ya 1982 haikupata mgambo wa kusimama mlangoni mwa kiwanda na kuhesabu. Kama nguvu iliyotumika kumtafuta mlemavu barabarani ingetumika kumtafutia nafasi kiwandani, huenda leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Baadaye, mwaka 2010, sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliongeza kiwango hicho hadi watatu kwa 100, kwa waajiri wenye watu 20 na kuendelea.

Miaka ya 1990 wengi wetu tunaikumbuka wenyewe. Viwanda vilikuwa vinafungwa au kuuzwa, wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa, na hospitali zilikuwa zimeanza kudai wagonjwa wachangie gharama. Ombaomba waliongezeka, na safari za kurudishwa Dodoma zikarudi. Walisindikizwa, wakafika, wakarudi. Yupo mzee mmoja wa miaka ile ambaye jina lake limebaki katika Kiswahili cha mtaani, likimaanisha mtu yeyote anayependa kuomba. Tulimcheka, tukamtungia vichekesho. Sikumbuki kama tulimwuliza, kila aliporudi, ni nini alichokikuta nyumbani kilichomfanya apande tena treni.

Najua wapo watakaoniambia: wewe mzungumzaji unawapamba hawa watu. Wapo wanaojifanya vilema, jioni wakakunja blanketi na kutembea. Wapo wanaoazima watoto wa wenzao ili waonewe huruma. Wapo wanaopata kwa siku kuliko kibarua wa bandarini. Sitabisha. Katika kundi lolote la watu, iwe la wafanyabiashara au la viongozi, hawakosekani wadanganyifu. Anayemkodisha mtoto akaombe juani anamtendea mtoto yule uovu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo kwa ajili ya watu kama huyo. Ashitakiwe. Lakini ukifukuza kijiji kizima kwa sababu ya wezi wawili, hujatenda haki, na wezi wawili utawakuta kijiji cha pili.

Najua vile vile kuwa sarafu ya dirishani si dawa. Mtu anaweza kutoa kila siku kwa miaka kumi, na mzee yule akafa akiwa pale pale kwenye taa. Mimi siwaambii mtoe wala msitoe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kila mtu anaujua moyo wake. Ninalosema ni kwamba kumfukuza nako si dawa, na ushahidi wake ni wa karibu miaka mia moja.

Basi lipo jambo lolote lililosaidia? Lipo, na halikuwa mbali. Nimewaambieni kuwa amri ya kuwaondoa ombaomba Dar es Salaam ilitangazwa Aprili 2016. Mwezi huo huo, ng'ambo ya bahari, mwendo wa saa mbili kwa boti, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70. Kiasi kilikuwa sh. 20,000 kwa mwezi, na baadaye kikaongezwa. Mzee hakuulizwa kama aliwahi kuajiriwa, wala kama ana watoto, wala chama chake. Aliulizwa umri wake. Ni fedha kidogo, hilo kila mzee wa Unguja na Pemba atakuambia. Lakini ni kidogo kinachojulikana siku ya kuja, na mtu anaweza kukikopea mchele dukani. Huku bara nako, tangu mwaka 2012, mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umekuwa ukipeleka fedha vijijini, na kuzifunga na masharti ya watoto kwenda shule na kliniki. Una malalamiko yake mengi, hasa juu ya nani ameandikwa na nani ameachwa. Hata hivyo mipango yote miwili ilianza na swali la kwanza: umekosa nini? Hata wazee wa Ugogo waliokuwa wakipokea wahemeaji wangeitambua.

Na sheria nazo zimeanza kutazamwa upya. Kenya iliifuta Sheria yake ya Uzururaji mwaka 1997. Mahakama Kuu ya Malawi mwaka 2017 ilibatilisha kifungu kimoja cha wazururaji kilichoandikwa kwa maneno yale yale ya Kiingereza. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni pale Arusha, ilitoa ushauri wake kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema kuwa sheria za uzururaji, zinazomkamata mtu kwa hali yake na wala si kwa tendo lake, haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Hata Bunge la Uingereza, mama wa sheria hizo, mwaka 2022 lilipitisha kifungu cha kuifuta ile ya 1824.

Ndugu wasikilizaji, turudi kwa mzee wetu na fimbo yake. Mara nyingi tukimtazama tunamwona yeye, na yule mtoto tunamwona kama kivuli chake. Lakini mtoto yule ana kazi. Yeye ndiye macho ya babu yake, kuanzia asubuhi hadi jioni. Ada ya shule ya msingi iliondolewa miaka mingi iliyopita, na bado yeye hayupo darasani, kwa kuwa akienda shule babu hatakula. Tukiwapandisha wote wawili gari la kuwarudisha kwao, tutakuwa tumehamisha fimbo, babu na mtoto, kutoka barabara ya lami hadi barabara ya vumbi. Lakini babu akiwa na uhakika wa unga wa mwezi, hata kama ni mdogo, huenda akaweza kuiachia ile ncha ya pili ya fimbo.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Hakuna kati yetu, mwenye gari wala mwenye ofisi, aliyepewa hati kwamba macho yake yatadumu au kwamba mvua ya kwao itanyesha. Safari nyingine ikitangazwa kuwa wafukuzwe, kwa maana hapana shaka itatangazwa, tukumbuke kuhesabu. 1923. 1944. 1976. 1983. Miaka ya 1990. 2016. Kisha tumwulize anayetangaza: kule mnakowapeleka, mmekwisha kuwauliza wamekosa nini?

Hadi juma lijalo, kwaherini.